Kitanda Ndani ya Ghala la Unga

Mimi ndiye niliyeshika daftari la Nugzari
miaka kumi na tisa, kwa kalamu ya bluu,
pale kwenye tanuri lake la mikate, Kutaisi, nyuma ya stesheni.
Najua bei ya unga wa mwaka wa mafuriko.
Najua kuni za mwaloni zilipanda lini, na kwa nini.
Usingizi usiniulize.
Usingizi haukuwa na safu yake.

Tanuri letu ni kisima cha moto:
mwokaji huinama hadi kiunoni,
kichwa chini, mguu mmoja hewani,
hubandika donge ukutani
na kuchomoka kabla nyusi hazijaungua.
Mara mia nne kwa usiku.
Mara mia sita, Pasaka ikikaribia.
"Afe punda, mzigo ufike," alizoea kusema Nugzari,
na mzigo ulifika,
ila punda hatukumhesabu.

Mwaka ule niliandika:
Jumanne, chumvi mara mbili, mikate mia na sitini imerudi.
Ijumaa, hamira imesahauliwa.
Oktoba, hoteli ya mtoni imevunja mkataba.
Novemba, Badri, mkono wa kulia, kiganja hadi kiwiko,
hospitali na bendeji, lari mia tatu na arobaini.
Sababu: ajali.

Badri alisinzia akiwa ameinama.
Sekunde moja tu, alisema,
na ndani yake alimsikia mama yake akimwita mezani.

Kisha mgongo wa mzee ukakataa, akaja Tsiala, bintiye,
aliyekesha miaka minane akiwa muuguzi huko Batumi.
Hakuuliza faida.
Aliuliza, "Hawa wanalala wapi?"
Nyumbani kwao, nikamjibu.
"Lini?"
Nikafungua daftari,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Akatoa magunia kumi na moja ghalani, akaingiza kitanda.
Cha chuma, cha hospitali, godoro jipya, pazia la kijani.
Dakika arobaini kila mwokaji, kwa zamu, katikati ya usiku.
Akamwajiri wa nne, Otia, kijana wa miluzi.
Jumatatu tukafunga mlango.
Nilimpigia hesabu mbele ya macho yake:
magunia kumi na moja ni mikate elfu moja na mia nane!
Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutandika shuka.
Nikaandika "Kitanda" kwa wino mwekundu,
nikaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Sitasema uongo. Hoteli haikurudi.
Januari tulikula akiba, na Otia aliunguza mikate
ya kutosha kuwalisha mbwa wote wa stesheni.
Lakini Machi nilifungua ukurasa wa mikate iliyorudi,
nikaukuta mweupe.
Nikadhani nimeruka ukurasa.
Nikalowesha kidole, nikarudi nyuma, nikaja mbele tena.
Mweupe.
Aprili foleni ilifika duka la dawa.
Badri alikuwa akiwatania wanawake dirishani
kwa sauti ambayo sikuwahi kujua anayo.
Mzee aliletwa kwa teksi, akamega kipande, akatafuna muda mrefu,
hakusema kitu,
akanyosha mkono kwa cha pili.

Desemba, usiku wa kufunga mwaka,
hesabu zilinikataa saa tatu nzima.
Lari sitini, hazipo. Kibatari cha kichwa changu kinafuka moshi.
Tsiala akaninyang'anya kalamu, akanionyesha pazia.
Mimi? Mimi si mwokaji.
"Kalamu nayo huungua," akasema.
Nililala nikinusa unga, nikisikia miluzi kwa mbali.
Nilipoamka, kosa lilikuwa limeniketia wazi:
saba niliyoisoma moja.

Sasa safu ipo. Nimeichora kwa rula.
Nilibaki nimeshika kalamu,
niiweke upande wa matumizi au wa mapato?
Nimeiacha katikati,
pale daftari linapokunjwa.